Foleni ya Kileleni: Mweleze Kijana Wako Kabla Hajaondoka



Huenda unajiuliza, muuguzi wa Bariadi ana habari gani na Mlima Kilimanjaro? Hapa kwetu vilima ni vya mawe. Watoto huvipanda wakichunga mbuzi, na jioni wamesharudi nyumbani. Lakini watoto hao hukua. Mmoja anakwenda chuo Moshi au Arusha, na wenzake wanamwita wapande mlima wakati wa likizo. Mwingine ameajiriwa, na ofisi yake inaandaa msafara wa Desemba 9, kukumbuka usiku ule wa mwaka 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge wa uhuru kileleni. Vijana wa kwaya nao wanachangisha fedha ili wakaimbe huko juu. Kisha yupo yule ambaye pamba imemwangusha msimu mmoja au miwili, naye akasikia kwamba Moshi kuna kazi ya kubeba mizigo ya watalii.

Wote hao wana mama. Ndiyo maana mwezi huu nimeona tuzungumze juu ya hatari moja ambayo haitajwi sana wakati wa kuchanga fedha na kuchapisha fulana, nayo ni msongamano wa watu katika njia za mlima.

Watu ni wengi kuliko tunavyodhani

Kilimanjaro una mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Watu wapatao 50,000 hujaribu kuupanda kila mwaka. Hesabu hiyo ni ya wageni tu. Kila mgeni huwa na watumishi watatu, wanne au zaidi: mwongozaji, mpishi na wabeba mizigo. Kundi la wageni kumi huweza kuwa msafara wa watu hamsini njiani.

Tena watu hao hawajagawanyika sawasawa katika mwaka mzima. Wengi huja Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, kwa kuwa mvua ni chache. Siku za mbalamwezi huvuta wengi, na sikukuu za Desemba vilevile. Kwa hiyo zipo wiki ambazo mlima una nafasi, na zipo wiki ambazo kambi hujaa mahema hadi mtu anakosa mahali pa kukanyaga.

Njia nazo ni chache. Njia ya Marangu ndiyo yenye nyumba za kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Wanaopanda na wanaoshuka hupita njia hiyo hiyo moja, hivyo hukutana kila siku. Wanaopitia Machame, Lemosho au Umbwe huanza kila mmoja kwake, lakini baadaye njia zao huungana upande wa kusini wa mlima. Wengi wao hulala Barafu, kambi iliyo yapata mita 4,600, na kutoka hapo hupanda mstari mmoja usiku ule ule. Wakishuka, wote hupitia Mweka. Ni kama barabara nne za vijijini zinazoishia kwenye daraja moja jembamba siku ya gulio.

Hewa nyepesi hufanya nini mwilini?

Ili uelewe kwa nini foleni ni hatari huko, ni lazima kwanza uelewe hewa ya mlimani. Kileleni mwa Kilimanjaro kila pumzi ina karibu nusu tu ya hewa ya oksijeni ambayo mtu angeipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku. Kanuni inayofundishwa na waganga wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa pima mwenyewe. Kutoka Mandara, mita 2,700, hadi Horombo, mita 3,720, ni siku moja. Kutoka Horombo hadi Kibo, mita 4,700, ni siku moja tena. Anayepanda kwa siku tano za haraka anaukimbiza mwili kuliko unavyoweza.

Mwili usipozoea, kwanza huja ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kupotea, uchovu usio wa kawaida. Wengi huupata kwa kiasi fulani, na ukipumzika pale ulipo huweza kupita. Lakini kuna ndugu zake wawili wanaoua. Wa kwanza ni maji kujaa katika mapafu. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo na kucha hubadilika rangi. Wa pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, huongea ovyo, hutaka kulala tu, na hatimaye hupoteza fahamu. Magonjwa haya mawili huweza kumwua kijana mwenye nguvu katika muda wa saa chache. Tiba kubwa ni moja, nayo ni kumshusha chini mara moja. Oksijeni na dawa husaidia wakati wa kumshusha, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Tena tusidanganyike na ubora wa mwili. Kucheza mpira vizuri hakumkingi mtu. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio hupanda haraka mno.

Foleni inaongeza hatari kwa njia gani?

Tunakumbuka msiba wa Februari 1, 2020, pale pale Moshi chini ya mlima, ambapo watu 20 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye mkutano wa maombi. Huo ndio msongamano tunaoufahamu: watu wanabanana na kukanyagana. Mlimani mambo ni tofauti. Huko watu hudhurika kwa kusimama na kusubiri, na kwa kutoonekana wanapozidiwa.

Kwanza, baridi. Safari ya mwisho huanza karibu na saa sita usiku, na huchukua saa sita hadi nane. Baridi hufika nyuzi 10 au hata 20 chini ya sifuri, na upepo huizidisha. Mtu anayetembea hutoa joto. Akisimama nyuma ya watu thelathini kwa sababu aliye mbele amechoka, joto hilo hupotea haraka, vidole hufa ganzi, na jasho alilotoa mwanzoni hugeuka barafu mwilini. Huko juu nako watu husubiri zamu ya kupiga picha kwenye kibao. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefikishwa Horombo, na tamaa ya kutuma picha imeongezeka. Kila dakika ya kusubiri zamu kileleni ni dakika ya kukaa katika hewa nyepesi.

Pili, mwendo. Waongozaji wazuri husema “pole pole” tangu getini, na wana hekima. Lakini ndani ya mstari mrefu mtu hafuati tena pumzi yake mwenyewe. Aliye nyuma anasukuma, aliye mbele anaacha nafasi, na mwenye kuhitaji kupumzika anaona haya kuwazuia wengine. Hujikaza. Kule kujikaza ndiko kunakoficha dalili za mwanzo.

Tatu, mahali pembamba. Katika njia za kusini kuna ukuta wa mawe wa Barranco, ambapo watu hushika mawe kwa mikono na kupita mmoja mmoja. Asubuhi moja huweza kukusanya mamia ya watu pale. Wapagazi wenye mizigo kichwani nao wanataka kuwatangulia wageni ili wakapige mahema. Mtu akikosa subira na kupita pembeni, yeye huweza kuanguka, au jiwe alilolikanyaga likamwangukia aliye chini.

Nne, maji na vyoo. Huu ni ugonjwa tunaoujua hata hapa nyumbani. Watu wengi wakikaa mahali padogo, uchafu wao huwafuata. Barafu hakuna maji. Wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga. Kibo nako maji hubebwa kutoka chini. Maji yakiwa ya kubeba na watu ni wengi, mikono haioshwi vizuri, na wengine hunywa maji yasiyochemshwa. Kijana akishikwa na kuhara huko, anapoteza maji mwilini, anaumwa kichwa na kulegea, na ni vigumu kujua kama ni tumbo au ni mwinuko.

Tano, msaada kuchelewa. Mgonjwa hushushwa kwa machela yenye gurudumu moja, na vijana kadhaa huishika huku na huku wakikimbia. Machela hiyo inahitaji njia. Njia ikiwa imejaa watu wanaopanda, usiku, katika changarawe inayoteleza, dakika zinazopotea ni za mgonjwa. Helikopta zipo, lakini haziruki katika ukungu, na gharama yake ni kubwa.

Kila mtu alidhani mwingine atasaidia

Liko jambo la sita, nalo ndilo linalonisumbua zaidi moyoni. Palipo na watu wengi, kila mmoja hudhani mwingine ameshamwona mgonjwa.

Julai 27, 2023, katika mlima K2 ulioko Pakistan, mpagazi aitwaye Mohammed Hassan, kijana wa miaka 27, alianguka mahali pembamba sana juu ya mita 8,000. Siku hiyo wapandaji walikuwa wengi, wote wakiwa katika mstari mmoja wa kamba. Wako waliojaribu kumsaidia. Lakini makumi ya watu walipita karibu naye wakiendelea kileleni, na kijana yule alifia pale pale njiani. Aliacha mke na watoto watatu. Habari hiyo ililaumiwa duniani kote, na wengi wetu tulikumbuka mfano wa yule Msamaria na wale waliopita upande wa pili. Wapita njia wale hawakuwa lazima watu wabaya. Walikuwa wamechoka, wamelipa fedha nyingi, na mbele yao na nyuma yao kulikuwa na watu wengine.

Mlima Everest nao una historia hiyo. Mei 10 na 11, 1996, watu wanane walikufa katika dhoruba. Misafara kadhaa ilikuwa imechagua siku ile ile, kamba hazikuwa tayari sehemu fulani, watu wakasubiri, saa zikaenda, na dhoruba ikawakuta bado wako juu. Mei 2019 picha ya foleni ndefu karibu na kilele ilizunguka dunia nzima. Msimu huo Nepal ilikuwa imetoa vibali 381, na watu 11 walikufa mlimani humo. Si wote waliokufa kwa sababu ya foleni, lakini foleni ilitajwa tena na tena.

Kilimanjaro si Everest. Hauhitaji kamba, wala watu hawabebi mitungi ya oksijeni ili wapande. Lakini kwa sababu hiyo hiyo watu huudharau. Husema ni mlima wa kutembea tu, na hivyo hupelekwa watu ambao hawajapimwa hata mapigo ya moyo.

Wajapani walipoona mlima wao Fuji umejaa kupita kiasi, mwaka 2024 waliweka geti katika njia ya Yoshida, wakatoza ada, na wakakataza zaidi ya watu 4,000 kwa siku. Aliyekosa nafasi ya kulala hakuruhusiwa kuanza safari jioni na kupanda usiku kucha. Huo ni mfano mzuri wa kufikiriwa hata kwetu, kwa sababu mama peke yake hawezi kupunguza foleni ya mlima.

Kijana wako anayebeba mzigo

Sasa niseme juu ya wale wanaokwenda kwa ajili ya mkate. Mlimani wenyewe hujiita wagumu, na kweli ni wagumu. Hata hivyo mapafu ya mpagazi ni kama ya mgeni. Kijana aliyekulia Bariadi, mahali palipo chini sana kuliko kambi zile, hajazoea mwinuko kwa sababu tu ni Mtanzania. Naye huugua, na mara nyingi hunyamaza akiogopa kukosa kazi.

Utaratibu wa hifadhi ni kwamba mzigo wa kazi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na mizigo hupimwa. Kijana ajue hilo, asikubali kuongezewa njiani. Ajue pia kwamba huko Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima nguo za baridi na viatu bila malipo. Kupanda na kandambili na koti la mtumba lisilozuia mvua ni kujitafutia kifo. Tena msimu wa watu wengi ndio unaomwita kijana asiye na uzoefu, kwa kuwa makampuni yanahitaji mikono. Mama, muulize anakwenda na nani, atalala katika hema gani, atakula mara ngapi.

Asiyefaa kupanda

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo la pekee. Kanda yetu ni moja ya sehemu za nchi zilizoathirika zaidi na ugonjwa wa selimundu. Mwenye selimundu asipande kabisa. Upungufu wa hewa humletea maumivu makali na huweza kumwua. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi, huweza kupata maumivu makali ya bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, akifika juu. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu, kijana apimwe kabla ya kulipa nauli.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni wenye ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, pumu, kisukari na shinikizo la damu. Mjamzito asiende. Mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda kuelekea kileleni. Na mwenye mafua makali au kifua siku ya kuondoka aahirishe.

Iko dawa ya asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, inayosaidia mwili kuzoea. Hutolewa kwa ushauri wa daktari, na anayedhurika na dawa za salfa lazima aseme. Pombe na vidonge vya usingizi visitumike huko, kwa kuwa hupunguza upumuaji usiku.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa mchango

Kata sehemu hii uibandike ukutani, au uisome katika kikao cha akina mama:

1. Safari ni ya siku ngapi? Sita ni bora kuliko tano, na saba au nane ni bora zaidi.
2. Ni wiki gani? Kama ni wiki ya sikukuu au ya mbalamwezi, je, yawezekana kusogeza?
3. Kila vijana wangapi wana mwongozaji mmoja? Akiugua mmoja, nani atashuka naye bila kuwaacha wengine peke yao?
4. Kuna oksijeni na kipimo chake, na je, mwongozaji anajua kukitumia?
5. Kila mmoja ameambiwa amwangalie mwenzake yupi? Wapangwe wawili wawili, waulizane hali kila saa.
6. Maji yatachemshwa, na sabuni ipo?

Kipimo kimoja rahisi kila kijana akijue: mwambie mwenzako atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akiyumba, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Asiachwe ashuke peke yake.

Neno la mama

Nimalizie na lililo letu sisi tunaobaki nyumbani. Kijana anapoondoka hapa, amebeba michango ya watu wengi. Fulana zimechapishwa, shangazi ameuza kuku, na kila mtu anasubiri picha. Anapofika mita 5,000 kichwa kikimpasuka, hafikirii mapafu yake. Anafikiri atasema nini akirudi bila kufika. Haya hiyo tumempa sisi, nasi tunaweza kuiondoa.

Kabla hajapanda basi, mwite kando, mwambie waziwazi, baba yake naye akisikia: “Mwanangu, ukiona hali si nzuri, geuka. Fedha imekwisha kulipwa, haituumi. Hakuna atakayekucheka katika nyumba hii.” Rudia mara mbili. Kisha usiku ule wa safari ya mwisho, usimpigie simu kumuuliza kama amefika juu. Muulize kama ameshashuka.